Wajapani na karakana za ukoo: mtoto akiwa mzembe, anayerithi ni mkwe

Randa_wa_Keko

Wakuu, habari za jioni.

Kuna picha inazunguka huku mitandaoni: mzee wa Kijapani amekaa chini, patasi mkononi, na maneno pembeni kwamba ukoo wake unafanya kazi hiyohiyo kwa vizazi kumi na kitu. Watu wanapiga makofi, halafu wanageuka kutusema sisi kwamba tumetupa vya babu zetu. Mimi ni fundi samani, mkate wangu unatoka kwenye randa na vanishi, na mambo ya mafundi wa kule nayafuatilia muda mrefu. Picha ile inadanganya kidogo. Inakufanya uamini ni damu: babu, baba, mwana, mjukuu. Ukichimba unakuta wenzetu wanarithisha karakana, jina la karakana na wateja wa karakana. Damu ikishindwa kubeba huo mzigo, inawekwa pembeni.

Mfano mkubwa ni Kongo Gumi ya Osaka, wajenzi wa mahekalu. Ilianza mwaka 578, fundi alipoletwa kutoka Baekje, ufalme uliokuwa katika Korea ya leo, kujenga hekalu la Shitenno-ji. Wakuu wa ukoo wanahesabiwa 40 na zaidi. Ukidhani ni mtoto wa kiume mara arobaini, umepotea njia. Ndani yake kuna wakwe walioasiliwa wakapewa jina la Kongo. Na miaka ya 1930, baada ya kifo cha mkuu wa 37, aliyeshika usukani ni mjane wake, Yoshie. Mwaka 1934 kimbunga kikaangusha pagoda, yaani mnara, ya hekalu hilohilo, na kuijenga upya kukawa juu ya huyo mama.

Sheria ya Japani inaruhusu kuasili mtu mzima, na wengi wanaoasiliwa kule ni wanaume wenye ndevu zao, siyo watoto yatima. Mzee ana karakana na binti. Kijana wake wa kiume anapenda kwenda mjini kuuza bima. Mzee anatazama mafundi wake, anamchagua aliyetulia, anamuoza binti, anamwandikisha kama mwanawe, kijana anaacha jina la kwao. Mnaoendesha kirikuu mnamjua mmoja bila kujua: Osamu Suzuki, aliyeiongoza kampuni ya Suzuki kwa miongo kadhaa, alizaliwa Matsuda. Akaoa mjukuu wa mwanzilishi, akawa Suzuki. Na kampuni yenyewe ilianza mwaka 1909 ikitengeneza mashine za kufumia nguo, haikuanza na magari.

Naomba kuwasilisha. Mwenye la kupinga apinge.

Mpingaji

Mkuu, umeanza vizuri ila acha kutulisha matango pori. Kongo Gumi unayoisifia ilishaanguka. Mwaka 2006 ilimezwa na kampuni nyingine. Miaka 1,400 ikaishia kwenye madeni.

Randa_wa_Keko

Mpingaji, ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Kilichowaua ni mikopo ya ardhi ya miaka ya 1980, wakati kila Mjapani mwenye kiwanja alijiona tajiri. Ufundi haukuwa na tatizo. Takamatsu, hiyo kampuni iliyowameza, ilipowachukua, mafundi seremala wa mahekalu walibaki kazini na jina likabaki mlangoni. Ukoo ulipoteza mali, kazi ikaendelea.

Kaka_Nagoya

Nipo huku Nagoya, kwenye yadi ya magari yanayokuja kwenu. Randa yuko sahihi kuhusu wakwe, hata maduka ya peremende huku yanakwenda hivyo. Ila mahekalu ni kitu kikubwa, mtu wa kawaida halali na hekalu nyumbani. Tupe kitu cha mkononi. Bakuli, kisu, chochote.

Randa_wa_Keko

Sawa. Tukae na bakuli, tena la Wajima, kwa sababu mimi ni mtu wa mbao na hapo ndipo ninapotokwa na udenda.

Wajima ni mji mdogo kwenye rasi ya Noto, mkoa wa Ishikawa, upande wa Bahari ya Japani. Kazi yao ni vyombo vya mbao vilivyopakwa urushi. Urushi ni utomvu wa mti. Mgemaji anachanja gome kwa mstari wa kulala, anakwangua tone linalotoka, anauacha mti siku chache upumzike, anarudi kuchanja mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Anafanya hivyo msimu mzima kuanzia Juni. Mti umekua miaka kumi hadi kumi na tano, na msimu ukiisha umetoa kama mililita 200. Kisha unakatwa. Ndiyo, glasi moja ya maji kwa mti mzima.

Bakuli linaanza na mti wa keyaki. Linakerezwa nusu, linaachwa likauke muda mrefu hadi liache kujikunja, ndipo linakerezwa la mwisho, jembamba. Ukingo na kitako, sehemu zinazogongwa, vinavikwa kitambaa kilichogandishwa kwa urushi na uji mzito wa mchele. Halafu inakuja siri ya Wajima: kuna udongo mwepesi unaochimbwa hapohapo, wenye mabaki ya viumbe wadogo wa majini. Wanauchoma, wanausaga, wanauchanganya na urushi na kupaka. Tabaka la kwanza unga wa chenga, la pili laini, la tatu laini zaidi, na kila tabaka linasuguliwa kabla ya linalofuata. Rangi ya kung'aa unayoiona juu ni mwisho wa safari yenye hatua zaidi ya 100. Thamani ya bakuli iko chini, kwenye udongo usiouona.

Sasa mafundi wenzangu sikilizeni. Vanishi yetu inataka jua na upepo. Urushi haikauki hivyo, inaganda kwa unyevu. Bakuli likishapakwa linaingizwa kwenye kabati la mbao lililoloweshwa kwa maji, joto la wastani, hewa nzito kama Tanga mwezi wa nne, na mle ndani vyombo vinazungushwa polepole ili rangi isichuruzike upande mmoja. Hewa ikiwa kavu, unaweza kusubiri mpaka uchoke na bado inanata.

Na brashi! Brashi ya urushi ni nywele za binadamu, ndefu, za mwanamke. Zinagandishwa na kubanwa katikati ya vibao viwili vyembamba, na zinapita ndani kuanzia ncha hadi mwisho wa mpini. Zikichakaa mbele, fundi anakata kibao na kuchonga, nywele mpya zinatokea kama risasi ya penseli. Brashi moja nzuri inaweza kumzeesha fundi. Mimi hapa brashi ya nailoni inanifia baada ya kabati mbili.

Anayepaka tabaka la mwisho anajifungia chumbani kwa kuogopa vumbi. Likitua punje moja, analidonoa kwa ncha ya unyoya kabla rangi haijashika.

Binti_Mvita

Kaka Randa, umeeleza mpaka nimenusa. Lakini huyo mtu mmoja anafanya hatua 100 zote?

Randa_wa_Keko

Hapana dada, na hapa ndipo picha ya yule mzee peke yake inapoharibu. Wajima kila hatua ina nyumba yake. Anayekereza ni huyu, anayepaka udongo ni yule, anayesugua ni wa mtaa wa pili (kusugua kumekuwa kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa), wa rangi ya juu, wa kuchora kwa unga wa dhahabu, wa kuchonga mistari na kuijaza dhahabu. Juu yao kuna nyumba ya mfanyabiashara anayepokea oda, anagawa kazi na kuuza. Kwa hiyo mkerezaji akifa bila mrithi, nyumba nyingine tano zinalala njaa. Ndiyo maana mtaa mzima una hamu ya kujua mtoto wako anaelekea wapi.

Na wanafunzi wengi hawakuwa watoto wa fundi. Kijana aliingia kwa bwana, akakaa miaka minne hivi, akala kwake, akatumwa kwake. Siku ya kumaliza inafanyika sherehe inayokaribia harusi: bwana na mwanafunzi wanakunywa sake, pombe ya mchele, kwa kubadilishana kikombe, na kuanzia hapo wanahesabiana kama baba na mwana. Siku hizi pia kipo chuo cha mkoa mjini humohumo, wanakuja watu kutoka kila kona ya Japani ambao hawana babu hata mmoja aliyezikwa Wajima.

Mpingaji

Haya, maswali mawili. Moja, bei. Mbili, huyo binti anayeozwa kwa fundi hodari, aliulizwa? Mnasifia utaratibu ambao mtoto wa kike ni hati ya kumilikisha karakana.

Binti_Mvita

La pili naliunga mkono kwa mikono miwili.

Randa_wa_Keko

La binti sina utetezi. Zamani hakuulizwa, na wapo mabwana walioingia kwa jina la mkwe wakaishi kama wapangaji, kila senti inakaguliwa na mama mkwe. Nasema mfumo ulivyofanya kazi, sisemi ulikuwa mtamu.

Bei: bakuli la supu la Wajima la kawaida, lisilo na dhahabu, tegemea yeni 20,000 hivi. Ni zaidi ya laki tatu za kwetu.

Mpingaji

Laki tatu, bakuli la mbao. Nalila na bakuli lenyewe?

Kaka_Nagoya

😂 Mpingaji, hata Wajapani wenyewe wanaguna. Huku watu wananunua bakuli la plastiki duka la yeni mia. Takwimu za wafanyakazi wa kazi za mikono zinazotambuliwa na serikali ni za kutisha: mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa karibu 290,000, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 hawakufika 70,000. Sheria ya kuzilinda ipo tangu 1974. Kazi haitambuliwi kama haijatimiza takriban miaka 100 na kama chombo chenyewe si cha matumizi ya kila siku. Zimeshatambuliwa zaidi ya 240. Beji unapewa, mnunuzi unamtafuta mwenyewe.

Randa_wa_Keko

Ni kweli Kaka. Ila kuhusu laki tatu, ngoja nieleze walivyokuwa wanauza, maana huwezi kuielewa bei bila hilo.

Wale wafanyabiashara wa Wajima hawakukaa dukani. Kila mmoja alikuwa na maeneo yake, anazunguka vijiji vya mbali mwaka hadi mwaka, nyumba zilezile. Anajua nyumba ipi ina binti anayekaribia kuolewa na itahitaji seti ya harusi. Anabeba vibao vilivyokatwa kuonyesha tabaka za ndani, mteja aone udongo na kitambaa kwa macho yake. Anayekosa fedha taslimu anaingia kwenye kikundi: watu wanachanga kila msimu, wanapiga kura, aliyeangukiwa na zamu anachukua seti yake ya mabakuli, wengine wanaendelea kuchanga mpaka wote wapate.

Binti_Mvita

Hee! Huo si mchezo kabisa? Wajapani nao wanacheza upatu!

Randa_wa_Keko

Upatu wa mabakuli, dada, tangu zama za masamurai.

Na bakuli likichubuka halitupwi. Mfanyabiashara akipita anapewa, linarudi Wajima, linasuguliwa hadi kwenye udongo, linapakwa upya, linarudi kwa mwenyewe. Bibi aliyeolewa nalo anamwachia mjukuu. Kwa hiyo nyumba ya fundi ina deni kwa nyumba ya mteja, na deni hilo nalo linarithiwa. Mkwe anayeingia karakanani anakabidhiwa na daftari: nani alinunua nini, lini, na kwa shughuli gani. Mimi makabati yangu ya chipbodi yakivimba kwa maji, mteja ananipigia simu mara moja tu, kunitukana.

Binti_Mvita

Mimi nitoe la pwani kidogo. Mnazungumza Japani kama iko mbali, na bibi zetu wamevaa Japani. Kanga nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilichapwa huko. Wafanyabiashara wa Mombasa walipeleka michoro na majina kwa meli, viwanda vya Japani, vya Kyoto vikiwemo, vikachapa, mzigo ukarudi. Fikiria mtu wa Kyoto asiyejua neno moja la Kiswahili anachapa mafumbo ya wake wenza! Na zile kanga za Mjapani wazee bado wanazisifia kwa rangi.

Kaka_Nagoya

Hilo nimelipenda. Ila angalia tofauti: kanga ilikuwa ya mashine, na gharama za kazi zilipopanda huku, India na viwanda vya kwetu vikachukua soko. Bakuli la Wajima haliwezi kuhamishwa hivyo, udongo wake uko Wajima.

Mpingaji

Na huo "Ujapani" wenyewe tuuchunguze. Kaure ya Arita, fahari yao, ilianza mapema miaka ya 1600 kwa mikono ya wafinyanzi wa Kikorea waliobebwa wakati Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia Korea, 1592 hadi 1598. Yi Sam-pyeong ndiye anayetajwa kugundua jiwe la kaure Arita. Kagoshima upo ukoo wa Chin Jukan, uzao wa mateka haohao, sasa kizazi cha 15, na jina la Kikorea hawajaliacha. Mateka wanafinyanga, kabaila anauza, miaka 400 baadaye tunaambiwa ni roho ya Kijapani.

Randa_wa_Keko

Mpingaji leo umekuja na silaha za kweli. Sipingi hata neno. Na hata urushi: zaidi ya asilimia 90 ya inayotumika Japani inatoka nje, hasa China. Ya nyumbani inagemwa kwa wingi Joboji, mkoa wa Iwate, na kubwa inaishia kukarabati mahekalu.

Kaka_Nagoya

Wakuu, mnaongea Wajima kama ipo vilevile. Tarehe 1 Januari 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, watu wako nyumbani na familia kwa mwaka mpya, likapiga tetemeko la 7.6. Mtaa wa soko la asubuhi wa Wajima ukashika moto, majengo zaidi ya 200 yakaungua, yakiwemo maduka na karakana za urushi. Mafundi wengi wakaishia kwenye makazi ya muda. Mji ukajenga karakana za muda, wakaanza kurudi mmojammoja. Septemba mwaka huohuo ikaja mvua kubwa, mafuriko yakawakuta hawajasimama.

Kati ya hayo mawili, Aprili, waziri mkuu Kishida alikwenda Washington na vikombe vya kahawa vya Wajima kama zawadi kwa Biden.

Binti_Mvita

Subhanallah. Na wazee wenye miaka 75 wataanza upya kweli?

Kaka_Nagoya

Dada, wapo waliofunga. Mzee hana mtoto kazini, nyumba imelala, mkopo hapewi. Ndiyo ile aliyosema Randa: akiondoka mmoja, mnyororo mzima unalegea. Lakini ajabu nyingine ni mabakuli. Watu wa Noto walikuwa wanabomoa nyumba zilizoharibika, stoo zikafunguliwa, yakatoka mabakuli ya bibi zao. Wengine wakayatoa bure ili yasiende jalalani, na wapo mafundi waliokuwa wanayapokea.

Mama_Ndanda

Wanangu, nasoma kimya tangu mwanzo. Randa, huo utomvu unawasha?

Randa_wa_Keko

Shikamoo mama. Unawasha vibaya sana. Ukikugusa mbichi ngozi inavimba na kutoa malengelenge. Wanafunzi wapya wanateseka majuma ya mwanzo, wengine mwili unazoea, wengine hauzoei kamwe. Ukishaganda hauna madhara, unalia supu ya moto bila wasiwasi.

Mama_Ndanda

Marahaba. Nimeuliza kwa sababu mimi nimebangua korosho tangu niko binti. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza vidole hivyohivyo, mpaka alama za vidole zinafutika. Ni mti wa aina moja?

Randa_wa_Keko

Mama, umenipiga hapo hapo. Ni familia moja kabisa: mkorosho, mwembe na urushi. Ndiyo maana wapo watu wanaowashwa midomo na maganda ya embe. Na Wajapani wanalijua hilo. Wanayo rangi inayotengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, inayopakwa badala ya urushi kwenye vyombo vya bei nafuu, sinia, samani, hata madhabahu ya nyumbani. Ukiiona kwa mbali huwezi kutofautisha. Inakauka kwa hewa ya kawaida, haitaki lile kabati la unyevu.

Mama_Ndanda

Na sisi tunasafirisha korosho na maganda yake India na Vietnam, mafuta yanakwenda humohumo.

Mpingaji

Hii sasa ndiyo ilipaswa kuwa kichwa cha uzi.

Randa_wa_Keko

Mama Ndanda, kwa wabanguaji wa huko naweza kupata lita mbili tatu za hayo mafuta? Nina vibao vya mninga vimekaa bure, nataka nijaribu.

Mama_Ndanda

Yanapatikana kwenye viwanda vinavyobangua, siyo kila msimu. Nitamuuliza kijana wangu, yeye ndiye anapita huko. Ila usiyachemshe ndani ya nyumba, moshi wake unakata kifua na macho. Vaa glavu nene, na kabla ya glavu pakaa mikono mafuta ya nyonyo. Yakikudondokea yafute upesi, unawe kwa sabuni na maji mengi. Na watoto wakae mbali.

Randa_wa_Keko

Nimepokea mama. Nakutumia namba kwa ujumbe wa siri.

Binti_Mvita

Tunataka picha za vibao, usije ukapotea humu.

Mpingaji

Na za mikono pia.